Kabro zenu zinapeleka maji kwa nani?

Wacha nikuulize: mvua ikinyesha kwenu, maji yanaenda wapi? Usiniambie "kwa mtaro." Baada ya mtaro je?

Mimi pia sikuwa nikijua. Nilijua siku ile shosho anayeishi chini yetu hapa Kangemi alipopanda mteremko na gambuti zake, akasimama kwa geti na kumwambia mathe, "Mama, maji yenu yamelala kwangu tena." Hakupiga kelele. Aligeuka, akaenda. Ilikuwa Aprili 2024, mwezi ule Mathare ilifurika na nchi nzima ikawa inahesabu watu waliobebwa na maji. Tangu siku hiyo, salamu kati yake na mathe zikaisha.

Sasa sikia sehemu inayoniuma. Kabro hizo zilinunuliwa na karo yangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mathe alibaki na pesa za muhula alizokuwa ameweka kando. Akaona heri zijenge kitu. Kokoto, vumbi la kwari, kabro juu, kutoka geti hadi mlangoni. Matope yakaisha, majirani wakasifu. Kwa hivyo niliposema tuzing'oe, aliniangalia kana kwamba naacha chuo mara ya pili. "Unataka kunirudisha kwa matope?"

Kilichombadilisha ni hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Uwanja wetu ni mita 6 kwa 5, yaani mita 30 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 40 inatupatia lita 1,200. Hiyo ni mitungi 60 ya lita 20, na bado hujahesabu ya mabati. Udongo mwekundu wa huku kwetu ungekunywa sehemu nzuri ya maji hayo, lakini chini ya kabro umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Maji yanateleza tu, yanashuka.

Mathe alinyamaza kidogo. "Mitungi sitini tunamwagia mama ya watu?"

Hatukung'oa zote. Tuliacha njia ya kutembea na mahali pa kuanika nguo, tukatoa mita 10 za mraba upande wa chini, pale maji yanapokusanyika kabla ya kutoka. Ukitaka kujaribu, fanya hivi. Ondoa kabro, kisha zoa vumbi na kokoto zote. Ukipanda juu yake umepoteza miche. Legeza udongo kwa jembe la meno, changanya na samadi. Halafu hakikisha kitanda kiko chini kuliko kabro zilizobaki, kama sahani. Hapo ndipo wengi hukosea: wanainua kitanda, maji yanakizunguka na kuendelea na safari. Kabro ulizotoa usitupe, zipange ukingoni.

Sisi tulipanda mchaichai, terere, sukuma na mishubiri. Mishubiri ilipotoa maua, chozi wakaja, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, wanaong'aa kama wamepakwa mafuta. Nyuki nao wakafuata. Miaka yote ya kabro sikuwa nimeona hata kipepeo akitua kwetu. Angetua wapi?

Najua utauliza kuhusu mbu. Mbu anahitaji kama wiki moja hivi ya maji yaliyosimama ili yai liwe mbu anayeruka. Maji yetu huzama kabla ya kesho yake. Yako yakikaa zaidi ya siku mbili, legeza udongo zaidi au punguza kina.

Lakini sikufichi, si kila mahali pako hivi. Kama unaishi Embakasi au kwingine Eastlands, udongo wenu mweusi hunywa maji polepole, hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Weka kitanda mbali na msingi wa nyumba, na uache njia ya maji ya ziada kutoka. Usichimbe karibu na shimo la choo. Na kama umepanga, usiguse kabro za landilodi bila ruhusa. Mwonyeshe hesabu kwanza. Akikataa, omba hata ukanda mmoja kando ya ukuta, au kinga maji ya mabati kwa pipa lenye kifuniko.

Mvua iliporudi, nilisimama nje na mwavuli kama mwendawazimu. Kitanda kilijaa, kikatulia, kikaanza kunywa. Kwa geti bado maji yalipita, lakini si ule mto wa mwanzo. Siwezi kukudanganya kwamba jikoni kwa shosho hakuingii maji tena. Kuna ploti nyingine juu yetu, na zote ni kabro tupu.

Lakini wiki iliyofuata alipanda tena na gambuti zake. Mathe alitoka mbio kuomba msamaha. Shosho alikuwa anataka mchaichai wa chai.

Siku mvua itakaponyesha, toka nje ufuate maji yenu hadi yanakoishia. Ukifika kwa mlango wa mtu, utajua pa kuanzia.