Kutembea kwa Fikra Baada ya Kiharusi

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka, na sehemu hiyo ikiwa ndiyo inayoongoza mwendo, mgonjwa hupooza upande mmoja na kubaki akiburuta mguu. Mguu wenyewe ni mzima. Kilichoharibika ni njia ya amri zinazotoka ubongoni.

Mwaka 1989, nchini Ufaransa, Jean Decety, Marc Jeannerod na mwenzao walionyesha kwamba mtu mwenye afya akijiwazia anatembea mita 5, 10 au 15, hutumia muda unaokaribiana sana na ule wa kuzitembea kwa miguu. Baadaye picha za ubongo zilibainisha kuwa maeneo mengi yanayopanga mwendo huamka hata mwili ukiwa umetulia tuli, na hapo ndipo tiba ya taswira ya mwendo, yaani kuufanyia mwendo mazoezi akilini, ilipopata mashiko.

Mgonjwa huketi, hufumba macho, na mtaalamu wa fiziotherapia humwongoza polepole: kisigino cha mguu uliopooza kinagusa sakafu, uzito wa mwili unauhamia, goti linakaza, vidole vinasukuma ardhi. Anatakiwa auhisi mwendo kutoka ndani ya misuli yake, si kujitazama tu kama anayeangalia filamu. Kwa kuwa fikra haionekani, mtaalamu anaweza kuipima kwa saa: mgonjwa anayezimaliza mita 10 akilini kwa kufumba na kufumbua, ilhali kwa miguu anajikokota, huenda anaiwazia miguu yake ya zamani.

Mwaka 2008 Ayelet Dunsky wa Israeli na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa 17, waliofanya zoezi hili nyumbani mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, waliongeza kasi ya kutembea kwa takriban asilimia 40. Takwimu hiyo inavutia kupita kiasi, kwani hapakuwa na kundi la kulinganishia. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 21 zenye washiriki 762, yaliona nafuu ndogo ya kasi kwa muda mfupi, tena kwa ushahidi hafifu sana.

Kwa hiyo taswira huambatanishwa na mazoezi ya kutembea, na hufaa hasa mgonjwa anapokuwa amechoka au hana wa kumshika asianguke.