Vyumba 16 na Sikio la Mnukuzi

Makambako ni mji wa njia panda, na mji wa njia panda aghalabu huwa mji wa sauti nyingi. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma huachana na ile ipandayo Njombe na kuendelea Songea, na hapo hapo hupita reli ya TAZARA, ambayo tangu miaka ya 1970 imeiunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi katika Zambia kwa mwendo wa kilomita 1,860. Abiria asubiriye basi husikia kwa wakati mmoja singeli kutoka duka la simu, rumba ya Kongo kutoka lori lililoegeshwa, na kwaya ya kanisa ikisindikizwa na kinanda cha umeme. Katika mji huu, na katika Njombe iliyo kama kilomita 60 kusini yake, juu katika nchi ya baridi, chai na misonobari, wako vijana waliojitwika kazi ya kuyasikiliza mapigo ya namna hiyo na kuyanukuu, pigo baada ya pigo, katika mashine ya ngoma. Na mashine yenyewe mara nyingi si ya chuma na vifungo, bali ni programu ndani ya kompyuta ya mtumba au simu ya mkononi. Wazee wengi huiona kazi hii kuwa mchezo wa vijana wasio na shughuli. Mimi naiona kuwa ni mtihani wa ilmu ya sikio, mgumu kuliko mitihani mingi iandikwayo kwa kalamu.

Mashine ya ngoma, ukiivua fahari yake yote, ni safu ya vyumba 16 iliyowekwa mbele ya kila chombo: safu ya ngoma ya chini, ambayo vijana huiita kiki, safu ya ngoma kali iitwayo sneya, safu ya makofi, na safu ya hai-hati, yaani yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu. Chumba kikijazwa, chombo hulia mwendo ufikapo hapo. Kikiachwa wazi, chombo hunyamaza. Na mwendo ukiisha chumba cha 16 hurudi cha kwanza, daima dawamu. Mashine za awali hazikumpa mtu hiari hiyo, kwa maana Sideman ya kampuni ya Wurlitzer ya Marekani, iliyotoka mwaka 1959, ilikuja na mapigo yaliyokwisha kupangwa kiwandani, na mwenye nayo alichagua tu baina ya waltz, cha-cha na mengineyo. Roland TR-808 ya Japani, ya mwaka 1980, ilimkabidhi mtu vifungo 16 akaachiwa ajipangie atakavyo. Zikatengenezwa kama 12,000 hivi, na mwaka 1983 kiwanda kikaacha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 programu ya FruityLoops kutoka Ubelgiji, ambayo sasa huitwa FL Studio, iliihamishia safu ile kwenye kioo cha kompyuta, ikaenea hata katika studio za chumba kimoja, na singeli ya Dar es Salaam ni mojawapo ya mazao yake.

Anayejifunza kunukuu hudhani kwamba mushkili wake ni vidole, kumbe mushkili wa kwanza uko ndani ya kichwa, katika koklea, mfereji mdogo uliojisokota mithili ya kombe la konokono, wenye urefu wa milimita 35 hivi. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba mawimbi ya sauti husafiri juu ya utando ulio ndani ya mfereji huo, na kwamba sauti nyembamba huutikisa zaidi karibu na mlango wake ilhali sauti nene huutikisa mbali, karibu na ncha. Basi kiki, yenye mitetemo kama 50 kwa sekunde, na hai-hati, ambayo nguvu yake iko juu ya mitetemo 5,000, hupokewa mahali mbalimbali, na sikio huzitenganisha bila taabu. Taabu iko katikati, baina ya sneya, makofi na ngoma za mkono, ambazo hugombea sehemu moja ya utando, na iliyo kubwa huifunika iliyo ndogo. Ndiyo sababu wanukuzi wazoefu huanza na ngoma ya chini, kisha huruka hadi matoazi, na mwisho kabisa huingia katikati, wakiwa wamekwisha kuweka mipaka pande zote mbili.

Simu, nayo, ina khiana yake. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nene ya kiki, na kinachomfikia msikilizaji ni mabaki ya juu ya sauti ile, ambayo ubongo huyachukua na kujijazia unene uliopotea. Msikilizaji huamini kuwa ameisikia ngoma ya chini, na pengine ameisikia kweli, lakini kiki laini iliyopigwa baina ya mbili kubwa imempita kabisa. Hedifoni za bei ndogo ni msaada mkubwa kuliko simu ya bei kubwa.

Kadhalika na suala la kupunguza mwendo. Zamani za kanda, aliyetaka kusikiliza kwa nusu ya mwendo alilazimika kukubali sauti zote zishuke kwa oktava nzima, hata kiki ya mitetemo 50 ikawa ya 25, karibu na mpaka wa mitetemo 20 ambao chini yake sikio la mwanadamu halisikii wimbo wowote. Programu za leo hurefusha wakati bila kuishusha sauti, na hii ni neema. Hata hivyo neema hii ina kiasi chake, kwa kuwa mwendo ukipunguzwa mno mapigo huachana, na kilichokuwa mzunguko hugeuka kuwa matukio mbalimbali yasiyo na udugu.

Tuingie katika hisabu. Ngoma iendayo kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo likiwa na vyumba vinne, hukipa kila chumba sehemu ya sekunde 0.125, na safu nzima huisha kwa sekunde 2. Singeli, ambayo mara nyingi huenda kwa mapigo 200 na mara nyingine hukaribia 300, hukipa chumba sekunde 0.075 au hata 0.05. Mwaka 1959 mwanasayansi Ira Hirsh wa Marekani alipima ni muda gani unaotakiwa baina ya sauti mbili ili mtu aweze kusema ipi ilitangulia, akapata kama sekunde 0.02. Maana yake ni kwamba hata singeli ya haraka kabisa haijalishinda sikio. Kinachoshindwa ni kumbukumbu na hesabu ya mdomo, kwani hakuna mtu awezaye kutamka «moja, mbili, tatu, nne» kwa kasi hiyo. Mwanasaikolojia George Miller, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1956, alieleza kwamba akili hushika kwa mara moja vitu kama saba tu, lakini mtu akivifunga vitu hivyo katika mafungu, basi huhesabu mafungu. Mnukuzi asiyefunga mafungu atatafuta vyumba 16 kimoja kimoja, naye atachoka kabla ya kufika nusu. Mwenye busara hulitamka pigo zima kwa mdomo kwa silabi za kubuni, kama wafanyavyo wanafunzi wa tabla wa Bara Hindi, ambao hulisema pigo kwanza na kulipiga baadaye. Kinachosemeka kwa pumzi moja kimekwisha kuwa fungu.

Na mwili usikae bure. Mwaka 2007 watafiti Jessica Grahn na Matthew Brett waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwasikilizisha mapigo, wakaona kwamba pigo lenye mwendo dhahiri huziamsha sehemu za ubongo zinazoongoza viungo, ijapokuwa msikilizaji amelala kimya asitikise hata kidole. Miaka miwili kabla ya hapo, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Kanada waliwachukua watoto wachanga wa miezi saba wakawasikilizisha mapigo yasiyoelemea upande wowote, huku baadhi wakirushwa-rushwa mikononi kila pigo la pili, na wengine kila pigo la tatu. Baadaye watoto walipendelea kusikiliza ngoma iliyotiwa mkazo kwa hesabu ileile waliyorushiwa. Mtoto wa Kibena wa huku Njombe, aliyefungwa mgongoni kwa khanga, mama yake akicheza katika harusi, amekwisha kufundishwa kugawanya wakati kabla hajajua kutambaa.

Hapa tumefika kwenye kiini, nacho ni mgawanyo. Safu ya vyumba 16 si kioo kisicho na rai; imekwisha kuamua kwamba kila pigo kubwa litagawika kwa nne. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati hazikuamua hivyo. Hugawika kwa tatu, na mzunguko wake huwa wa sehemu 6 au 12, ambamo mbili na tatu hukaa pamoja bila ugomvi. Msomaji na ajaribu juu ya meza: ahesabu hadi sita mfululizo, mkono wa kulia upige penye moja, tatu na tano, na wa kushoto penye moja na nne. Mkono mmoja umepiga tatu zilizo sawa, mwingine mbili zilizo sawa, na zote zimekwisha pamoja. Sasa na azipeleke zile tatu katika safu ya vyumba 16. Kumi na sita haigawiki kwa tatu. Vyumba vilivyo karibu zaidi ni cha 1, cha 6 na cha 12, na kwa mwendo wa mapigo 120 nafasi ambazo zingepaswa kuwa sekunde 0.667 kila moja zinakuwa 0.625, kisha 0.75, kisha 0.625. Kosa hilo ni maradufu ya kile kiasi cha Hirsh, na sikio lolote lililolelewa katika ngoma hulikataa papo hapo. Kijana husikia kwamba kazi yake imechechemea, akajilaumu kuwa hana kipaji, akafuta na kuanza tena, ilhali sikio lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo na mwenye kosa ni safu. Dawa yake ni sahali: mashine nyingi, na hata ile TR-808 ya kale, huruhusu safu ifupishwe hadi vyumba 12. Mtu akishatambua mgawanyo, kazi iliyobaki ni ya subira tu.

Katika nchi ileile ambako reli ipitayo Makambako hukoma, aliishi mmisionari Mwingereza A. M. Jones, aliyeitatua shida hii kwa njia ya kinyume. Katika miaka ya 1930, huko Rhodesia ya Kaskazini kama Zambia ilivyoitwa, aliunda chombo cha umeme ambacho wapiga ngoma waligonga vibao vya chuma, na kila pigo likaacha alama juu ya karatasi iliyokuwa ikitembea. Mashine ya ngoma hugeuza alama kuwa sauti. Chombo cha Jones kiligeuza sauti kuwa alama, wala hakikumlazimisha mpigaji kuingia katika chumba chochote. Kitabu chake, Studies in African Music cha mwaka 1959, kilitokana na juhudi za namna hiyo. Lakini alipofika kwenye noti, Jones aliipa kila ngoma mistari yake ya kugawa wakati, kana kwamba kila mpigaji anaishi katika saa ya peke yake, na wataalamu wa baadaye, miongoni mwao Kofi Agawu wa Ghana, wamelipinga hilo kwa hoja zenye nguvu. Nami niko upande wa Agawu: wachezaji wana miguu miwili tu, na miguu hiyo hukanyaga ardhi pamoja.

Iko hadaa nyingine iliyo nzuri zaidi. Gerhard Kubik wa Austria alikwenda Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950 kujifunza amadinda, marimba ya Baganda, kwa mwalimu Evaristo Muyinda, akagundua kwamba wapigaji wawili wanaopishana kwa kasi humfanya msikilizaji asikie nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Sikio hukusanya sauti zinazokaribiana kwa wembamba na kuzifanya mkondo mmoja, likipuuza ni mkono wa nani uliozitoa. Mnukuzi wa ngoma ya wapigaji wawili au watatu aweza basi kuandika kwa uaminifu mkubwa pigo ambalo halipo mikononi mwa yeyote. Katika hili mashine ni hakimu mwema, kwa kuwa hukuruhusu kuzima safu moja moja. Ukizima moja na wimbo mzima ukavunjika, ujue wimbo ule ulikuwa wa ushirika.

Hata vyumba 12 havimalizi maneno yote. Roger Linn wa Marekani, katika mashine yake ya LM-1 ya mwaka 1980, aliweka njia ya kukichelewesha kidogo kila chumba cha pili ili mwendo usikauke; na mtafiti Rainer Polak, aliyepima ngoma za djembe nchini Mali, ameonyesha kwamba migawanyo isiyo sawa huko si uzembe wa mkono bali ni kanuni, ikirudiwa vilevile mzunguko baada ya mzunguko.

Mkoa wa Njombe, kutoka Ubena na Ukinga hadi Upangwa na pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, una ngoma nyingi zinazoishi katika mikono ya wazee na katika rekodi chakavu za harusi na sherehe za shule. Nawasihi vijana wa studio za Njombe na Makambako wasiishie kunukuu singeli: wachukue rekodi moja ya nyumbani, waweke safu ya vyumba 12 kabla ya kujaza chochote, na katika jina la faili waandike jina la ngoma, la kijiji na la mpigaji.