Saratani ya Ini: Kwenye Picha Tafuta Damu, Usitazame Ukubwa Tu

Mgonjwa wa saratani ya ini akirudi hospitali kupima baada ya tiba, ndugu zake huuliza kwanza: uvimbe umepungua? Ni swali la haki, lakini kwa ini jibu lake linaweza kupotosha. Uvimbe unaweza kubaki na ukubwa uleule ilhali umekwisha kufa ndani. Unaweza pia kusinyaa huku pembeni kumebaki kipande hai ambacho kitakua tena.

Siri iko kwenye damu. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia vena kubwa itokayo utumboni, na iliyobaki kupitia ateri. Saratani inayoanzia kwenye chembe za ini huvunja utaratibu huo: hujijengea vishipa vyake na kulishwa zaidi na ateri. Ndiyo maana mgonjwa akilala kwenye CT scan hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kisha hupigwa picha kwa awamu. Baada ya nusu dakika hivi, dawa ikiwa bado imejaa kwenye ateri, uvimbe hai hung'aa kuliko ini linalouzunguka. Ikipita dakika moja na ushei, ini lote limeshang'aa na uvimbe huanza kufifia. Sehemu iliyokufa haing'ai katika awamu yoyote. Picha moja iliyopigwa bila kujali wakati haitoshi kuonyesha haya.

Madaktari wenyewe walichukua muda kuachana na rula. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa dawa ya sorafenibu. Nusu ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 10.7, kwa waliopewa kidonge kitupu ilikuwa miezi 7.9. Lakini kwa vigezo vya kupima kipenyo, ni 2% tu ya waliomeza dawa ambao uvimbe wao ulihesabiwa kuwa umepungua. Dawa ilisaidia, rula haikuona. Mwaka 2010 Riccardo Lencioni na Josep Llovet wakachapisha vigezo vilivyorekebishwa, mRECIST: pima sehemu inayong'aa peke yake. Isipobaki yoyote, uvimbe umeitikia tiba kikamilifu; ikipungua angalau 30%, umeitikia kwa sehemu; ikiongezeka 20% au zaidi, ugonjwa unasonga mbele.

Mashine ya gharama kubwa si lazima iwe ndiyo inayofaa. PET hufuatilia sukari yenye mionzi, na saratani nyingi za ini haziishikilii sukari hiyo, hivyo huweza kupita bila kuonekana. MRI, kwa upande wake, husaidia sana pale ateri inayolisha uvimbe ilipozibwa ili kuutibu, kwa dawa iliyochanganywa na mafuta maalumu, kwa sababu mafuta hayo huwaka meupe kwenye CT na kuficha kilichobaki.

Kwa watu wa Tanga haya si mambo ya mbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo sasa ina CT scan, ilhali hospitali kubwa za tiba ya saratani, Ocean Road na Muhimbili, ziko Dar es Salaam, safari ya kilomita 350 hivi. Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza mwaka 2019 kufundisha mabingwa wa tiba zinazoongozwa na picha, kama hiyo ya kuziba ateri. Naamini mgonjwa aliyetibiwa Dar es Salaam angeweza kupigwa picha za ufuatiliaji karibu na kwao, mradi awamu zote zifuatwe na picha zimfikie daktari wake.

Kinga bado ni bora: chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wa Tanzania wanapata tangu 2002, na mahindi na karanga zilizokaushwa vizuri zisiingie sumukuvu, sumu iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Ndugu msomaji, kama unauguza mgonjwa wa ini, usirudi nyumbani na karatasi ya majibu peke yake. Omba picha zenyewe kwenye CD, zitunze tangu ile ya kabla ya tiba, uende nazo kila kliniki. Kisha muulize daktari: je, kuna sehemu ambayo bado inang'aa?