Usipoziba Ufa: Habari za Rejeta Inayovuja



Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili ni kweli, lakini mwezi huu nataka kuwaonyesha ya kuwa kuna kuziba na kuziba: kuziba kwa kutengeneza, na kuziba kwa kuficha. Nami tofauti yake nilifundishwa kwa aibu, juu ya Ngorongoro, kwa ajili ya ufa usiozidi upana wa unywele.

Ninyi mkaao Karatu mnaijua njia ile. Motokaa itokayo Mto wa Mbu, karibu na ziwa Manyara, huanza kupanda kutoka kimo cha mita 960 hivi juu ya bahari. Ifikapo Karatu imefika yapata mita 1,500. Ikipita lango la Lodoare na kupanda msituni mpaka ukingo wa kreta, imekwisha kupita mita 2,200. Injini hufanya kazi kama ng'ombe wa jembe katika udongo mgumu. Tena, kadiri tupandavyo ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo zaidi: pwani huchemka kwa digrii 100, lakini ukingoni kwa digrii 92 au 93 tu. Akina mama walijua jambo hili zamani, maana maharagwe huko juu huchelewa kuiva.

Sasa fikirini habari za rejeta. Maji huzunguka ndani ya injini, hubeba joto lake, kisha hupita katika mirija myembamba ya rejeta, ambako upepo huyapoza, na kurudi tena. Kifuniko chake si kifuniko cha sufuria. Huyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi, hata yakipita digrii 100. Lakini penye ufa, mbano hupotea pamoja na maji, nayo injini huchemsha hasa pale mlimani tunapoihitaji zaidi.

Mimi nilikuwa mtunza motokaa ya usharika wetu. Siku moja niliona tone chini ya rejeta, kisha la pili. Fundi alitaka kuifungua na kuilehemu, nami nikaona gharama ni kubwa. Nikanunua kopo la dawa ya kuziba, nikaimimina, na baada ya safari moja ardhi ilikuwa kavu. Nilifurahi sana. Wala sikumwambia mchungaji, wala wazee, wala dereva.

Dawa hizi si uchawi. Nyingine zina unga na nyuzi ndogo sana, pengine hata unga wa tangawizi. Chembe hizo huchukuliwa na maji mpaka kwenye ufa, hukwama pale, hujazana, na kuuziba. Nyingine ni kioevu chenye asili ya kioo, ambacho hugeuka kigumu kwa joto na hewa kinapotokea ufani. Madereva wasio na kopo hutumia ute wa yai, au pilipili manga, au manjano ya jikoni. Nguvu ya hayo yote ni ile ile: kitu kidogo kukwama mahali pembamba.

Na zapo nyakati ambapo dawa hizi zimesaidia kwa ajabu. Mwaka 1958 manowari ya Marekani iitwayo Nautilus, iendeshwayo kwa nguvu ya atomu, ilikuwa ikijiandaa kupita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Chombo chake cha kupozea mvuke kilivuja, na mafundi hawakuweza kuuona ufa. Nahodha wake, William Anderson, akawatuma mabaharia mjini Seattle kununua makopo ya dawa ya rejeta, ile ile itumiwayo katika motokaa. Wakaimimina, uvujaji ukakoma, na tarehe 3 Agosti 1958 wakafika Nchani. Basi sisemi ya kuwa dawa hii ni uongo. Nasema kila dawa ina kazi yake na kipimo chake.

Mimi sikujua kipimo. Miezi sita baadaye tone likarudi. Nikaongeza kopo la pili. Kumbe dereva naye, asiyejua habari za makopo yangu, alikuwa ametia manjano na mayai mawili. Chembe ile izibayo ufa haina macho. Haijui kuchagua kati ya ufa na mrija. Ikizidi, huziba vyote viwili.

Ndipo tukaitwa usiku kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka upande wa Endulen, ili apelekwe hospitali Karatu. Tulipokuwa tukipanda kuelekea ukingoni, mshale wa joto ukainuka, na kabla hatujafika juu mvuke ukatoka pande zote. Tukasimama gizani, katika ukungu na baridi, nasi twasikia nyati wakivunja matawi karibu. Mama yule alikuwa akilia kwa maumivu. Dereva alitaka kufungua kifuniko papo hapo na kumwaga maji baridi. Nikamzuia, kwa maana maji yaliyobanwa yangemrukia usoni na kumchoma, na maji baridi huweza kupasua chuma kilicho moto. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja na kuomba. Baada ya saa mbili Mungu alituletea lori, likamchukua mama. Mtoto alizaliwa hai, na mama yake yu mzima. Lakini zile saa mbili sitazisahau.

Fundi alipoikata rejeta alituonyesha mirija yake. Zaidi ya nusu ilikuwa imejaa tope gumu, mfano wa uji wa ulezi uliokauka chunguni. Silinda hedi nayo ilikuwa imepinda kwa joto. Gharama ilizidi mara nyingi ile niliyoikwepa mwanzo, nayo ililipwa kwa sadaka za wajane na wakulima. Nikasimama mbele ya wazee, nikaungama.

Kwa hiyo yashikeni maneno haya, ninyi mlio na motokaa au mtunzao motokaa ya shule au ya kanisa.

Kwanza, tafuteni ufa kabla ya kutafuta dawa. Injini ikiwa baridi, jazeni maji, tazameni mipira na vifungo vyake, pampu ya maji, kifuniko, na maungo ya rejeta. Mpira uliopasuka na kifungo kilicholegea haviponywi na unga wowote. Hubadilishwa au hukazwa.

Pili, mkiona moshi mweupe usiokoma, au mapovu katika rejeta injini ingurumapo, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yawezekana gasketi ya silinda hedi imeharibika. Hapo msiendelee na safari, mwiteni fundi.

Tatu, dawa ya kuziba ni ya kuwafikisha nyumbani. Tieni kipimo kilichoandikwa, mara moja, wala msichanganye na vitu vya jikoni. Mkifika, rejeta isafishwe na ufa utengenezwe.

Nne, msitumie maji matupu mwaka baada ya mwaka, kwa maana maji ya visima huacha ukoko na kutu, na kutu ndiyo mama wa ufa. Tumieni kulanti ifaayo kwa injini yenu. Lakini iwekeni mbali na watoto na mbwa, kwa maana nyingi zina ladha tamu, nazo ni sumu ya kuua.

Tano, mtu akitia dawa, aandike katika daftari la motokaa, na mwenzake ajue. Tena akiiuza, amwambie anunuaye. Anayeficha ufa kwa kopo moja, apate bei nzuri, amemwibia mwenzake. Na huenda amemwekea kaburi njiani.

Nanyi waalimu, someni tena habari za nabii Ezekieli, jinsi alivyowakemea watu waliopaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane imara. Mvua ilipokuja, chokaa haikuusaidia. Mimi nilipaka chokaa yangu ndani ya rejeta, na mvua yangu ilikuwa kilima cha Ngorongoro.

Siku hizi katika motokaa ile kuna daftari, limefungwa kwa kamba karibu na usukani. Kila tone huandikwa humo. Ukurasa wa kwanza una jina langu na makopo yangu mawili, nami niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, ili dereva ajaye asidanganyike na ardhi kavu.