Mwanamke Gatini

Kisiwa huishi kwa meli. Unga, sukari, saruji na mafuta hutufikia kwa njia ya bahari, na karafuu zetu hutoka kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo suala la nani akabidhiwe kazi za bandari si dogo, na lipo funzo kwetu katika maisha ya Bibi Helen Delich Bentley wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 92.

Bibi huyu, mtoto wa wahamiaji wa Kiserbia, alizaliwa katika mji mdogo wa machimbo ya shaba huko Nevada, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1945 aliajiriwa na gazeti la Baltimore Sun, na baadaye akawa mhariri wake wa habari za bahari. Habari hizo alizifuata gatini, kwa makuli na mabaharia wenyewe.

Mwaka 1969 Rais Nixon alimteua kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini, inayosimamia usafirishaji wa shehena za biashara ya nje. Hakuna mwanamke aliyepata kuishika nafasi hiyo kabla yake. Aliishika hadi mwaka 1975.

Kisha akagombea Baraza la Wawakilishi la nchi yake. Mwaka 1980 alishindwa. Mwaka 1982 akashindwa tena. Mwaka 1984 akamshinda Clarence Long, aliyekuwamo Barazani tangu mwaka 1963. Miongoni mwa hoja zake kubwa ni kwamba mkondo wa bandari ya Baltimore uchimbwe hadi kina cha futi 50, ili meli kubwa zipate kuingia. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1990, na mwaka 2006 bandari ikapewa jina lake.

Siasa zake zilikuwa za kwao, wala hatulazimiki kuziiga. Tunalopaswa kulizingatia ni kwamba ujuzi wake ulitangulia cheo chake.

Basi binti anayemaliza skuli akitaka unahodha, uhandisi wa meli au uendeshaji wa kreni, asielekezwe kwenye meza ya ukarani. Wazazi wasimzuie, na wakuu wa kazi wampe nafasi ya kujifunza gatini. Cheo kitamfuata huko huko.