Leseni kwanza, hadithi baadaye

Kwenye ukurasa wa mwisho wa hadithi za African Storybook kuna mistari michache ambayo watoto huiruka: jina la mwandishi, la mchoraji na la mfasiri, lugha, kiwango cha usomaji, na leseni ya Creative Commons. Kwa ruhusa iliyomo katika mistari hiyo, hadithi iliyotungwa Kenya au Uganda husomwa katika lugha nyingine nyingi bila mtu yeyote kuandika barua ya kuomba idhini.

Mradi huo ulianzishwa na Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, na tovuti yake ikafunguliwa mwaka 2014. Ulikusudia kupunguza pengo linalojulikana na kila mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto wengi wa Afrika huanza kusoma bila kitabu cha hadithi katika lugha ya nyumbani kwao, na mchapishaji wa biashara haoni soko katika lugha yenye wasemaji wachache. Kwa hiyo walimu na wakutubi wa Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini walialikwa waandike, watafsiri na warekebishe hadithi wenyewe.

Chini ya hakimiliki ya kawaida, kazi ya namna hiyo ingekwama mapema. Haki ya mtunzi huanza pale tu anapoiweka kazi yake kwenye maandishi au kwenye picha, bila usajili wowote. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Sheria ya Kenya humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kutafsiri nako kunahitaji idhini ya mwenye asili, na tafsiri ikishakamilika, mfasiri naye anakuwa na haki yake. Kitabu chembamba chenye picha, kikishatafsiriwa mara moja, kinaweza kuwa na wenye haki watatu. Anayetaka kukitoa kutoka Kiswahili kwenda Kiturkana inabidi awatafute wote. Mmoja amehama, mwingine amebadili namba ya simu, wa tatu amefariki na warithi wake hawajui hata kama aliwahi kuchora.

Creative Commons ilianzishwa Marekani mwaka 2001 na mwanasheria Lawrence Lessig pamoja na wenzake, na leseni zake za kwanza zikatoka Desemba 2002. Leseni hizi haziifuti hakimiliki. Mwenye kazi anabaki kuwa mwenye kazi, ila anautangazia ulimwengu mapema yale anayoyaruhusu.

Masharti ni manne, na kwa kuyachanganya zinapatikana leseni sita. La kwanza, lililomo katika zote sita, ni kumtaja mtunzi. La pili humtaka anayeirekebisha kazi aitoe kwa leseni ileile. La tatu huzuia matumizi ya kibiashara. La nne huzuia kusambaza kazi iliyobadilishwa.

Vikundi vingi vya waandishi huteleza kwenye masharti mawili ya mwisho. Mwandishi huchagua kuzuia mabadiliko akidhani anailinda hadithi yake isiharibiwe, kumbe tafsiri nayo ni badiliko. Kila mtu ataruhusiwa kuisoma na kuinakili, lakini hakuna atakayeweza kusambaza tafsiri yake ya Kisukuma. Anayezuia biashara humzuia pia mchapaji mdogo wa mjini anayetaka kuchapa nakala za karatasi na kuziuza kwa bei nafuu shuleni ambako intaneti haifiki. Yapo pia masharti yanayogongana. Hadithi inayodai leseni ileile haiwezi kuunganishwa kuwa kazi moja mpya na nyingine inayodai leseni ileile lakini bila biashara, kwa sababu kila moja inaivutia kazi hiyo upande wake.

Kubadili leseni baada ya kazi kukua ni shida, na Wikipedia inalijua hilo. Ilipoanza mwaka 2001 ilitumia GFDL, leseni iliyotungwa kwa ajili ya miongozo ya programu za kompyuta. Leseni hiyo ilimtaka mtu anayechapisha hata makala moja fupi aambatanishe matini yote ya leseni. Kuwatafuta wachangiaji wote na kumwomba kila mmoja ruhusa kusingewezekana. Ilibidi Free Software Foundation, wenye GFDL, watoe toleo jipya lenye kifungu cha kuruhusu uhamisho kwenda leseni ya Creative Commons, kisha wachangiaji wakapiga kura mwaka 2009. Kikundi cha waandishi sita hakitapata mtu wa kukitungia kifungu.

Leseni inayodai kutajwa kwa mtunzi tu ndiyo inayoifikisha kazi mbali zaidi. Pratham Books ya India iliichagua kwa jukwaa lake la StoryWeaver, lililofunguliwa mwaka 2015. Huko Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichukua hadithi 40 za African Storybook, wakazitoa kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha za familia za wahamiaji. Walichotakiwa kufanya ni kuwataja waliozitunga na kuonyesha walichobadilisha.

Kikundi kinachoanza leo kinahitaji kikao kimoja kabla ya rasimu ya kwanza. Kichague leseni, kikubaliane majina yataandikwaje, na kila mmoja atie saini, mchoraji akiwemo. Picha iliyookotwa mtandaoni isiingizwe mpaka leseni yake ijulikane. Mtu aliyepigwa picha aulizwe pia, kwani leseni ya mpiga picha haitoi idhini kwa niaba ya huyo anayeonekana ndani yake. Anayeandika kama sehemu ya ajira yake amwulize mwajiri, maana huenda haki ni ya ofisi.

Leseni za Creative Commons hazifutiki. Anayebadili nia anaweza kuacha kuisambaza kazi yake, lakini waliokwisha kuipata wataendelea kuitumia na kuigawa kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana mwandishi anayetegemea mauzo ya riwaya yake ana haki ya kuiacha kwenye hakimiliki ya kawaida, na kukipa kikundi hadithi aliyoitunga kwa ajili ya kikundi.