Virusi vya kuua saratani: vimefika wapi?

Wiki hii msikilizaji wetu wa Maji ya Chai ametuuliza: je, ni kweli kuna virusi vinavyoua saratani ya tumbo, na kwamba mgonjwa akipewa pamoja na kemotherapi anapona hata kama ugonjwa umeshaenea? Ana mgonjwa nyumbani, kwa hiyo anastahili jibu la wazi.

Jambo lenyewe si uzushi. Mwaka 1971 madaktari wawili waliokuwa Kampala, Bluming na Ziegler, waliandika katika jarida la The Lancet habari za mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt, saratani inayowapata watoto wengi wa Afrika Mashariki. Kabla hajaanza matibabu alishikwa na surua, na uvimbe ukanywea. Lakini surua si dawa. Inaua watoto, na chanjo yake ni lazima. Ndiyo maana wataalamu hutumia virusi vilivyobadilishwa maabara.

Virusi hivyo huingia katika chembe ya saratani, huzaana humo mpaka ipasuke, kisha huhamia chembe jirani. Mabaki ya chembe iliyopasuka huwaamsha askari wa mwili, wakamtambua adui aliyekuwa amejificha. Kemotherapi hushambulia kwa njia nyingine: ni sumu kwa chembe zinazogawanyika upesi, ndiyo maana hata nywele hunyonyoka. Mawazo ya kuziunganisha ni kwamba chembe itakayoikwepa moja ikutwe na nyingine.

China iliruhusu tiba ya namna hii pamoja na kemotherapi mwaka 2005, kwa saratani za kichwa na shingo. Marekani iliruhusu yake mwaka 2015, kwa saratani ya ngozi, ambako uvimbe unafikiwa kwa sindano. Saratani ya tumbo iliyoenea hadi kwenye ini haifikiwi kirahisi hivyo. Virusi vikipitishwa kwenye damu, askari wa mwili huvimaliza njiani. Na kemotherapi ikitolewa wakati usiofaa, huzuia virusi visizaane. Kwa tumbo, basi, hii bado ni kazi ya majaribio. Anayekuja kukuuzia tiba hiyo mtaani, usimpe fedha zako.

Kilichopo hapa nchini ni upasuaji, kemotherapi na mionzi, katika hospitali kama KCMC ya Moshi na Ocean Road ya Dar es Salaam. Tatizo letu ni kuchelewa. Mtu humeza dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima bila kupimwa. Ukiona unakonda, unashiba kwa matonge mawili, unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami, omba kipimo cha endoskopi. Na ukikutwa na bakteria wa Helicobacter pylori, ambaye huchangia sana saratani hii, maliza dozi yote uliyoandikiwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.